Moshi wa Bukari Hadi Kindu

Katika ukoo wa Mama Alima umbali haukupimwa kwa kilomita. Ulipimwa kwa bukari.

Sheria hiyo aliileta nkambo yake, bibi mzaa mama, aliyetoka Maniema na mume mshona kofia, sufuria moja, na ukali usiokwisha. Alisema hivi: binti aolewe popote apendapo, ila siku mama yake akisonga bukari, yaani ugali, sahani ifike kwa binti ikiwa bado inatoa moshi. Ikifika baridi, huko ni mbali, na mtoto ametupwa. Kwa sheria hiyo mabinti wote wa ukoo waliolewa palepale Kamalondo, mtaani kwao Lubumbashi, barabara ya pili, barabara ya tatu. Mmoja tu alithubutu kwenda hadi mtaa wa Hewa Bora, na bukari yake ilipelekwa na mtu wa pikipiki aliyeendesha kama anayefukuzwa na nyuki.

Sasa Chadia, binti pekee wa Mama Alima, alikuwa anaposwa na watu wa Kindu.

Mshenga alikuwa mzee Zakari, muuza vitambaa. Alikuja Jumapili alasiri akiwa amepaka mafuta hata kwenye ndevu. Mama Alima alimpokea katika chumba anachoshonea nguo, akamwonyesha kiti.

"Kaa pale, Papa Zakari. Lakini usiegemee mashini. Mguu yake moja ilikatika, inasimama juu ya tofali."

Pembeni ya Mama Alima alikaa mdogo wake wa kiume, Feruzi, maana mjomba ndiye mlango wa binti. Feruzi alikuwa fundi wa magodoro na mwadhini wa msikiti wa mtaa, na Mungu alikuwa amempa sauti moja tu. Watu wengine wana sauti ya kuitia na sauti ya kunong'onea. Yeye alipewa ile ya kwanza, ya pili ikasahauliwa. Feruzi akinong'ona, kuku wa jirani walishuka kwenye kichanja wakidhani kumekucha.

"Mama Alima," Zakari alianza, akitoa simu mfukoni kama anayetoa hirizi, "banakusema ya kama unaogopa umbali. Angalia mwenyewe. Lubumbashi, Kindu. Kilometre mia tisa na makumi munane. Avion inaruka saa moja na nusu. Saa moja na nusu, Mama! Muntu anaenda kutafuta sabuni kwa soko anakawia kupita pale."

Mama Alima aliitazama simu bila kuigusa.

"Huyu aliyepima, alipita wapi?"

"Alipita juu."

"Juu wapi?"

"Juu, Mama. Kwa mawingu. Mustari moja, tiii, mpaka Kindu."

"Basi Chadia ataolewa kwa mawingu? Muchumba iko na nyumba kule?"

Nyuma ya pazia mtu alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mama Alima hakugeuka.

"Na kungojea?" aliendelea. "Simu yako ilipima kungojea?"

"Kungojea haina kilometre, Mama."

"Njo shida yake!" Akapiga goti. "Sikia, Papa Zakari. Nkambo yangu hakusema kilometre. Alisema moshi. Nitasonga bukari hapa, Feruzi ataipeleka Kindu na ile avion yenu. Banafungua mbele ya bantu bote, mi naangalia kwa simu. Moshi ikitoka, mumubebe mutoto. Moshi ikikosa, ule kijana atafute bibi kulekule, pa jirani."

Zakari alifikiria ile saa moja na nusu. Alifikiria jinsi bukari ya mkewe inavyounguza ulimi hata baada ya swala ndefu. Akakubali kwa furaha, akasimama, akaegemea mashine, na mashine ikamshtua kwa kuyumba.

Hakuna aliyeuliza kwa nini Feruzi ndiye mbebaji. Pande zote mbili zilimwamini. Sauti kama yake haiwezi kubeba uongo, uongo unataka kunong'onwa.

Jioni hiyo Chadia alimdaka mjomba wake karibu na bomba la maji.

"Mujomba, mi namutaka Idriss. Alisoma hapa, tulijuana hapa, sasa banamupa kazi ya kufundisha kwabo Kindu. Iko ananichekesha mpaka mbavu zinauma. Mama akikataa, mi sitaolewa tena. Nitakaa hapa kushona naye mpaka tuote ndevu sisi wawili."

"Mwanangu, nitaibeba hiyo bukari kama yai."

"Na kama inapoa?"

Feruzi aliinama sikioni mwake, akanong'ona: "Kudanganya, hapana."

"Hata mi singetaka udanganye, Papa Feruzi!" alijibu jirani kutoka upande wa pili wa ukuta.

Siku ya safari Mama Alima alisonga bukari kwa hasira. Mwiko uligonga sufuria hadi watoto wa uani wakahama. Aliifinyanga, akailainisha juu kwa maji, akaifunika kwa sahani ya pili, kisha akaingia nayo chumbani peke yake. Feruzi alikuwa ameleta pamba ya magodoro ili izuie baridi, na Chadia alikuwa ameingia na kutoka mara kadhaa, leta kikapu, leta kamba, leta kitenge. Mama Alima alipotoka, kikapu kilikuwa kimeshonwa mdomo kwa uzi mnene, mshono wa gunia.

"Usifungue mpaka Kindu," alimwambia mdogo wake. "Usiwe mwenye kuchungulia-chungulia."

Feruzi alikiinua, mgongo ukalia.

"Yaya," alimwambia dada yake, "bukari yako iko nzito."

"Ya bantu wazima njo hivyo. Enda, inapoa!"

Kwenye uwanja wa ndege wa Luano kikapu kiliingia kwenye mashine ya kukagua mizigo. Upande wa pili alikaa Donat, kijana mnene mwenye sare iliyobana. Alitazama kioo, akasogea, akatazama tena.

"Papa, iko nini humu?"

"Bukari."

"Mi ni mutoto wa Likasi, Papa. Bukari naijua tangu meno. Bukari haina kona ine."

Foleni nzima ikainua shingo. Feruzi aliapa, sauti yake ikafika hadi kwa waliokuwa wanaegesha magari. Donat alichukua kisu kidogo, akakata mshono, akatoa pamba, akatoa sahani mbili zilizofunikana, akaziweka pembeni kwa heshima. Kisha akaingiza mkono chini kabisa, palipokuwa na kitu kilichozungushiwa kitambaa, akaurudisha mkono kwa kasi na kupuliza vidole.

"Tofali! Tofali ya moto! Papa, unaenda kujenga ndani ya avion?"

Watu walicheka hadi mmoja akaangusha pasipoti. Lilikuwa tofali la kuchoma, limekaangwa kwenye makaa likashika joto, jeusi kwa mafuta upande mmoja na lenye doa la rangi ya buluu kwenye pembe. Feruzi alilitazama, damu ikampanda. Chadia! Nani mwingine aliyekuwa akipita-pita na kikapu? Mtoto huyu alitaka kumfanya mwadhini mwongo mbele ya mikoa miwili.

"Mi sijui tofali hii," alisema.

"Haina shida," alisema Donat. "Bukari inapita. Tofali inabaki."

Feruzi akarudisha pamba, akaziba kikapu kwa kilemba chake mwenyewe, akaenda ndegeni kichwa wazi. Moyoni aliona afadhali, maana sasa mtihani ulikuwa safi. Lakini alipoweka kiganja juu ya sahani, alihisi kwamba usafi nao una baridi yake.

Jirani yake wa kiti alikuwa Mama Laurentine, mwanamke wa makamo aliyekuwa anampelekea dada yake samaki wakavu wa Pweto. Samaki walikuwa kwenye mfuko chini ya miguu yake, lakini harufu yao ilikuwa imekalia viti vyote. Ndege iliruka. Feruzi alikikumbatia kikapu kama kuku aliyeatamia, akafunga macho, akaanza kuhesabu ile saa moja na nusu ya Zakari.

Rubani akatangaza kwamba wangepitia Kalemie kushusha mizigo.

"Kalemie?" alisema Feruzi, na rubani mwenyewe akageuza kichwa. "Simu haikusema Kalemie!"

"Simu inahesabu kama kunguru, Papa," alisema Mama Laurentine. "Kunguru hana mizigo ya kushusha Kalemie. Lakini juu ya nini unabeba kikapu kama mugonjwa?"

Feruzi alimweleza kwa siri. Kwa hiyo kabla hawajaiona Tanganyika, abiria wote walijua habari za Chadia, Idriss, nkambo na moshi. Mama mmoja wa mbele alirusha shali. Mwingine akatoa blanketi la mtoto, mtoto akalia, akapewa biskuti badala yake. Kikapu kikavalishwa kama maiti ya mfalme.

Pale Kalemie mizigo ilishuka upesi, lakini ndege haikuondoka. Kiti cha kwanza kilikuwa kinamsubiri mkubwa fulani. Mkubwa yuko njiani, walisema. Mkubwa yuko njiani bado, walisema tena, kwa sauti iliyopungua imani. Abiria wakashuka kukaa chini ya kivuli cha bawa.

Bwana mmoja mwenye tai alijaribu kuwaelimisha. "Distance ni mustari kati ya pointi mbili. Haibadiliki. Hata tukilala hapa, Kindu iko palepale."

"Weye!" Mama Laurentine alimkata. "Distance inapimwa na kiuno. Pale kiuno inaanza kuuma, njo mbali. Mi saa hii niko mbali kabisa, na bado sijafika."

Hoja hiyo ilishinda kwa makofi. Wakati huo Feruzi alikuwa amegundua dawa: alikitoa kikapu kivulini, akakiweka juani, juu ya lami iliyokuwa ikitokota. Kivuli cha bawa kilipokifuata, alikisogeza. Kilipokifuata tena, alikisogeza tena, akikigeuza upande huu na huu kama mtu anayeanika muhogo. Dhamiri ikamchoma. Je, jua nalo si udanganyifu? Akawauliza wenzake. Wakajadiliana, wakakata shauri kwamba jua ni la Mungu, halikukaguliwa na Donat.

"Lakini kusema ukweli," Mama Laurentine alimwambia, macho yake kwenye kikapu, "tangu Lubumbashi samaki yangu na bukari yako banaitana. Sikiliza. Kama inapoa, si tukule tu? Njaa haiangalie moshi."

"Mama, ni ndoa ya mutoto wa dada yangu!"

"Ndoa itangojea. Samaki ikizeeka haingojee."

Tumbo la Feruzi, ambalo lilikuwa na sauti kama ya mwenyewe, liliunga mkono. Akasogea mbali na ule mfuko, akaomba subira.

Hatimaye mkubwa alifika kwa gari refu. Alishuka, akarekebisha miwani, akawasalimia wote kwa mkono mmoja mmoja. Kisha akasema kwamba leo hasafiri, alikuja tu kuwaambia hivyo, si vizuri watu wakae bila habari. Akapanda gari lake akaondoka.

Walipotua Kindu, Idriss alikuwa amesimama nje ya uwanja na pikipiki tatu za kukodi, moja ya Feruzi, moja yake, na moja ya kikapu. Alikuwa kijana mrefu mwembamba mwenye tabasamu linalofika kabla yake, lakini siku hiyo tabasamu lilikuwa limekwama njiani.

"Mujomba, iko moto?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Panda," alisema Feruzi.

Uani kwa mama yake Idriss, Bi Rehema, mikeka ilikuwa imetandikwa na ukoo mzima umejaa hadi juu ya ukuta. Simu ya Idriss iliegemezwa kwenye birika. Ndani ya kioo chake, kule Kamalondo, alionekana Mama Alima amekaa wima kama hakimu, Chadia nyuma yake akitafuna ncha ya mtandio, na Zakari pembeni ndevu zikimeta. Idriss aliinamisha uso mara moja, asimtazame mama mkwe hata kwenye kioo.

"Shikamoo, Mama mukwe," aliiambia ardhi.

"Bado sijakuwa mama mukwe wako. Feruzi! Fungua."

Feruzi alifungua kilemba, akatoa shali, blanketi la mtoto, pamba. Akashika sahani ya juu. Mtu mmoja ukutani alipiga bismillahi. Akainua.

Bukari ilikuwa pale, nyeupe, ya mviringo, imetulia kama kipara cha mzee aliyelala. Haikutoa moshi. Haikutoa hata jasho. Kindu yenyewe siku hiyo ilikuwa na joto kuliko bukari. Nzi mmoja alitua juu yake, akatembea kidogo, hakuungua.

Shangazi mmoja wa Idriss alisogea akiwa ameficha sahani ya makaa nyuma ya mgongo. "Tuipitishe kidogo tu juu ya moto," alisema. "Simu haioni chini."

"Mama, mi ndiye ninayeita bantu kwa swala," Feruzi alijibu. "Nikidanganya leo, alfajiri nitasema nini?"

Shangazi akarudi na makaa yake. Idriss alikaa chini, magoti yakamfika masikioni. Kwenye kioo Chadia aliacha kutafuna mtandio.

"Moshi iko?" aliuliza Mama Alima. "Mi sioni muzuri. Semeni. Moshi iko?" Kisha akauliza tena, na safari hii sauti yake ilikuwa na kitu kama kuomba: "Hata kidogo, Feruzi? Angalia muzuri. Kwa chini, Feruzi. Kwa chini hakuna joto?"

Kwa chini. Feruzi alishangaa. Akaichukua simu, akaisogeza karibu na uso wake. Nyuma ya dada yake aliiona ile mashine ya kushona. Ilikuwa imeinama kama mlevi anayetafuta kiatu, na chini ya mguu wake uliokatika palikuwa na rundo la vitambaa vilivyokunjwa kwa haraka. Akakumbuka mafuta meusi ya mashine. Akakumbuka mlango wa jiko la dada yake, ambao umepakwa buluu na haukupakwa na mtu mwangalifu. Haikuwa Chadia! Mwanamke aliyeapa mbele ya mshenga kwamba sheria ni sheria, ndiye aliyeinuka alfajiri, akaichukua nguzo ya riziki yake, akaikaanga kwenye makaa, akaificha chini ya bukari yake mwenyewe ili imshinde.

Moyo wa Feruzi ulilainika. Alitaka kumstiri dada yake. Akafunika simu kwa kiganja, akaweka mdomo kwenye kitundu chake, akanong'ona kwa upole wote alionao:

"YAYA. TOFALI YAKO BALIICHUKUA KWA AEROPORT."

Watu wa ukutani walitazamana.

"Tofali gani?" alisema Mama Alima, akivuta kitenge hadi puani. "Mi sijui tofali yoyote."

Mashine ya kushona haikuweza kuvumilia tena. Vitambaa viliteleza, mguu ukakosa pa kukanyaga, ikaanguka nyuma yake kwa kishindo, gurudumu likaendelea kuzunguka peke yake kwa muda, trrrr.

Aliyecheka kwanza alikuwa Chadia. Alicheka akijishika mbavu. Idriss akakisikia kicheko hicho, akasahau adabu, akainua uso akacheka naye. Zakari akacheka hadi ndevu zikapoteza mafuta. Bi Rehema alipangusa macho kwa upindo, akaisogelea simu.

"Dada yangu," alisema, "mama anayetoa mguu wa mashini yake ili mutoto afike, huyo alishatoa mutoto. Tunabishana nini tena?"

Kwenye kitenge pua ikatoka, halafu macho, halafu Mama Alima mzima, na kidevu chake kikiwa juu kuliko mwanzo.

"Sheria ya nkambo ni sheria," alisema. "Mi siivunje. Lakini tusikilizane. Bukari ilitoka hapa na moto wake na tofali yake. Nani alitoa tofali? Si Kindu. Si avion. Si kilometre. Ni ule kijana mwenye uniforme. Bila yeye, moshi ingefika. Sasa, kosa ni ya umbali?"

"Apana!" ukuta mzima wa Kindu ulijibu.

"Kosa ni ya Idriss?"

"Apana!"

"Basi Kindu haiko mbali. Njo nimesema." Akamtazama Zakari kwa jicho kali, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anapinga. "Na weye Papa Zakari, ukirudia kuniletea simu yenye haijue kungojea, nitakushona mudomo. Idriss!"

"Mama mukwe!" Uso ulirudi chini.

"Kuleni ile bukari. Isitupwe. Bukari baridi ni bukari."

Waliila. Ilikuwa ngumu kama shingo ya mshenga. Mama Laurentine, aliyekuwa amefuata nyuma ya pikipiki ya kikapu ili kujua mwisho wa habari, alifungua mfuko wake bila kuombwa, na samaki wa Pweto na bukari ya Kamalondo wakakutana hatimaye. Yule dada yake aliyeletewa samaki hakuonja hata mkia.

Baada ya nikahi, Feruzi ndiye aliyemsindikiza Chadia uwanja wa ndege. Kwa mbali alimwona Donat kwenye kiti chake. Alimwona pia mlango wa chumba cha ukaguzi, ambao zamani ulikuwa ukijifunga kwa upepo na kuwabana watu vidole, sasa umesimama wazi kwa utulivu. Chini yake palikuwa na tofali jeusi lenye doa la buluu.

"Ile ni ya dada yangu," Feruzi alisema. "Mashini yake inasimama juu ya kamusi ya mutoto wa jirani. Mutoto anasoma akiwa analala chini."

Donat alilitazama tofali, akautazama mlango, akamtazama Feruzi kwa huruma ya kweli.

"Papa, mi ningekupa. Lakini sasa iko ya serikali." Kisha akanyoosha kidole kwenye kikapu cha Chadia, kilichokuwa kimeshonwa mdomo kwa uzi mnene, mshono wa gunia. "Na kile? Iko nini humu?"

Chadia alikikumbatia kikapu, akajaribu kutocheka.

"Bukari," alisema. "Mama anasema niifikishe na moshi."

Donat akashusha pumzi, akavaa glavu nene.